MTOTO MNENE, MTOTO ASIYEONGEA: NI DAMU YA NANI?



Somo la toleo hili limetokana na maswali yenu. Tukimaliza semina, baada ya mambo ya mikopo na kuku wa kienyeji, huwa kunabaki mama mmoja au wawili ambao wanataka kuuliza jambo kando. Mmoja ana mtoto wa miaka minne ambaye hajaita hata "mama", hamwangalii mtu usoni, na anaweza kuzungusha kifuniko cha chupa tangu asubuhi mpaka jioni. Mwingine ana mtoto ambaye amekuwa mnene kupita kiasi tangu alipokuwa wa mwaka mmoja. Anakula, na akimaliza analia njaa. Swali lao ni moja: "Watu wanasema ni mimi. Ni kweli?"

Mimi si daktari, nimesomea kazi za jamii. Lakini mambo haya yamechunguzwa na wataalamu kwa miaka mingi, na yale waliyoyaona yanaweza kuelezwa kwa lugha yetu bila shida. Anayewasomea wenzake asome pole pole, na mkifika mahali pagumu mrudie.

Yule mtoto wa kwanza huenda ana usonji. Usonji ni hali ambayo ubongo wa mtoto hukua kwa njia tofauti tangu mwanzo, hata kuongea, kucheza na wenzake na kuelewa uso wa mtu kukawa kazi ngumu kwake. Hauko wa namna moja. Kuna wenye usonji ambao wamesoma mpaka chuo kikuu, na kuna ambao hawataongea maisha yao yote. Yule wa pili ana unene wa kupita kiasi, ambao si ule wa mtoto aliyeshiba vizuri. Kwa muda mrefu hali hizi mbili zilikuwa na madaktari wawili tofauti ambao hawakuwa na la kuambiana. Halafu, kati ya mwaka 2008 na 2011, watafiti wa mambo ya urithi wakakuta kwamba kwa watoto wengine zinakutana mahali pamoja, mahali padogo sana ndani ya mwili. Tutafika hapo. Kwanza tuone lawama ilitoka wapi.

LAWAMA HAIKUANZA KWETU

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye hali hii. Alisema walizaliwa nayo. Lakini katika maandishi hayo hayo alitaja pia kwamba wazazi wao wengi hawakuwa watu wachangamfu, na watu wakashika hili la pili. Kwa zaidi ya miaka ishirini akina mama wa huko waliambiwa kwamba wao ndio walioharibu watoto kwa kukosa upendo. Wakaitwa "mama friji", yaani mama baridi. Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia ambaye mwanawe alikuwa na usonji, aliandika kitabu cha kupinga jambo hilo mwaka 1964. Hata hivyo, mwaka 1967 Bruno Bettelheim, aliyekuwa akiongoza shule ya watoto huko Chicago, alitoa kitabu chake kilichoendelea kuwanyoshea wazazi kidole, na kilisomwa na wengi.

Basi hata kule kwenye hospitali kubwa kubwa walimlaumu mama. Sisi tunasema amerogwa, ama amevunja mwiko, ama Mungu anamwadhibu. Wao walisema hana upendo. Aliyebeba mzigo ni yule yule.

Kilichovunja hoja hiyo ni mapacha. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter, wakiwa London, walichunguza jozi 21 za mapacha ambamo angalau mmoja alikuwa na usonji. Mnajua mapacha ni wa aina mbili. Kuna wa kufanana, waliotoka katika yai moja, na urithi wao ni ule ule. Kuna wasiofanana, ambao ni kama ndugu wa kawaida waliozaliwa siku moja. Lakini wote wanalelewa na mama yule yule, katika nyumba ile ile, wakila kutoka sufuria moja. Kama ubaya ungekuwa katika malezi, aina zote mbili zingeumia sawa sawa. Haikuwa hivyo. Kati ya jozi 11 za wanaofanana, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Kati ya jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Tafiti kubwa zaidi zilizofuata zimethibitisha kwamba urithi una sehemu kubwa sana.

Lakini angalieni pia zile jozi 7 za wanaofanana ambazo mmoja alikuwa na usonji na mwenzake hakuwa nao. Urithi si kila kitu. Tutalihitaji jambo hili baadaye.

NJAA YA KWELI

Sasa tuje kwa unene. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua homoni inayoitwa leptini. Leptini hutengenezwa na mafuta ya mwili, na kazi yake ni kama ya mtunza ghala: inapeleka habari kwenye ubongo kwamba chakula kipo, kimetosha, acha kutafuta. Mwaka 1997 Stephen O'Rahilly, Sadaf Farooqi na wenzao wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, wa familia yenye asili ya Pakistan. Mmoja alikuwa na miaka 8 na uzito wa kilo 86. Mwingine alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Hebu fikirieni: kilo 29 ni karibu mtoto wa darasa la nne. Walizaliwa na uzito wa kawaida, lakini jeni yao ya kutengeneza leptini ilikuwa na kasoro. Mtunza ghala hakuwako, kwa hiyo ghala lilikuwa limejaa mpaka mlangoni huku ubongo ukiamini kuna kiangazi.

Yule msichana alipoanza kudungwa sindano za leptini, hamu ya chakula ilishuka, na katika mwaka mmoja alipunguza kilo zaidi ya 16. Hakuchapwa wala kuhubiriwa. Alipewa kile ambacho mwili wake ulikosa.

Kasoro hii ya leptini ni nadra sana duniani, kwa hiyo msikimbilie kudhani ndiyo aliyo nayo mtoto wa jirani. Nimeieleza kwa sababu moja: ilionyesha wazi kwamba mtoto anaweza kuwa na njaa isiyo ya ulafi, na mama anaweza kusumbuliwa na njaa hiyo mchana na usiku bila kuwa amemdekeza.

UKURASA ULIOCHANIKA

Sasa tufike pale mahali padogo. Chukulieni mfano wa chama chenu. Tuseme mna madaftari mawili yenye mambo yale yale, moja kwa katibu na moja kwa mweka hazina. Mwili uko hivyo. Ndani ya kila seli kuna vifurushi 46 vya maagizo vinavyoitwa kromosomu, 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama, kwa hiyo karibu kila agizo limeandikwa mara mbili. Agizo moja ndilo huitwa jeni. Maandishi ya upande mmoja peke yake yana herufi kama bilioni 3.

Katika kromosomu ya 16 kuna kipande ambacho wataalamu hukiita 16p11.2. Kina herufi kama 600,000 na jeni karibu 30. Katika maandishi yote ni kama ukurasa mmoja tu. Kwa watu wengine ukurasa huu umechanika katika daftari moja. Hawafi, maana lile daftari lingine lipo. Lakini kuna kazi zinazohitaji madaftari yote mawili yasomwe, na moja likipungua kazi inakwenda nusu. Kwa wengine ni kinyume: ukurasa umenakiliwa mara ya ziada.

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba katika watoto wenye usonji, karibu 1 kwa kila 100 alikuwa na kipande hiki kimepungua au kimeongezeka. Miaka miwili baadaye, 2010, kikundi kingine cha watafiti wa Uingereza, Ufaransa na kwingineko kikaona kwamba kupungua kwa kipande hicho hicho kunapatikana kwa watu 7 hivi katika kila 1,000 wenye unene mkubwa sana. Mwaka 2011 wakapima zaidi ya watu 95,000 na kukuta jambo la kushangaza: wale ambao ukurasa wao umezidi wana hatari kubwa ya kuwa wembamba kupita kiasi, na wengine wao walipokuwa wadogo walikataa chakula na hawakunenepa. Ukipungua, unene, ukizidi, wembamba.

Hata hivyo, si kila aliyepungukiwa ana usonji, wengi hawana, na si wote ni wanene. Kuna wazazi waliogunduliwa nao wamepungukiwa na hawakuwahi kujua.

Kuna utafiti mwingine wa Cambridge wa miaka hiyo hiyo ambao kwangu mimi, kwa kazi yangu, ndio mkubwa kuliko yote. Sadaf Farooqi na wenzake walichunguza watoto 300 wenye unene mkubwa ulioanza mapema. Wachache wao walikuwa wamekosa kipande kilicho jirani na kile tulichosema, ambacho kina jeni inayosaidia ubongo kuisikia leptini. Baadhi ya watoto hao walikuwa tayari wameandikwa na ofisi za ustawi wa jamii huko kama watoto walio hatarini, kwa dhana kwamba wazazi wao wanawalisha kupita kiasi kwa makusudi. Matokeo yalipotoka, majina yao yaliondolewa kwenye orodha hiyo. Wazazi walikuwa wakishtakiwa kwa kosa ambalo halikuwepo, na walioshtaki walikuwa watu wa kazi yangu, wenye vyeti na nia njema.

"BASI NI DAMU MBAYA"

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu najua vile habari hii itapokelewa nyumbani. Tumemwondolea mama lawama ya malezi. Sasa mama mkwe atasema: "Kumbe ni urithi! Kwetu hakuna mtoto kama huyu. Ameleta damu mbaya kutoka kwao." Na kesho msichana wa nyumba hiyo ataachwa na mchumba kwa sababu ndugu yake haongei. Nimeshasikia maneno kama hayo, na si mara moja. Lawama imebadilisha nguo tu.

Basi semeni hivi. Kwanza, mara nyingi ule ukurasa wa kromosomu ya 16 unapokuwa umechanika kwa mtoto, wazazi wote wawili wakipimwa wanakutwa nao ni mzima. Kasoro ilitokea upya, wakati yai la mama au mbegu ya baba ilipokuwa ikitengenezwa, jinsi mtu anavyonakili hesabu usiku akaruka mstari. Hakuna ukoo ulioileta. Pili, kwa wale binamu wa Cambridge ilikuwa lazima mtoto apate kasoro kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, wote wawili. Wazazi wenyewe walikuwa na nakala moja nzima na hawakuugua. Hapo utasema ni damu ya nani? Tatu, usonji hauna jeni yake moja. Mwaka 2020 watafiti walitoa orodha ya jeni 102 zinazohusika, na kuna mamia ya tofauti nyingine ndogo ndogo ambazo kila mmoja wetu anazo kiasi. Anayetafuta ukoo usio na kasoro hata moja atazunguka dunia nzima bila kuupata.

Jambo moja la kweli kwa familia ni hili: mtoto mmoja akiwa na usonji, wadogo zake waangaliwe mapema. Utafiti wa mwaka 2011 uliofuatilia wadogo kama hao tangu uchanga uliona karibu 1 kati ya 5 naye alikuwa na usonji. Ni sababu ya kumchunguza mtoto mapema, si sababu ya kumrudisha mama kwao.

Na chanjo je? Kuna uvumi kwamba chanjo ya surua ndiyo huleta usonji. Ulitokana na makala ya Andrew Wakefield ya mwaka 1998 kuhusu watoto 12 tu, na gazeti la kitabibu lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Huko Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000 na hawakuona uhusiano. Surua inaua. Wapelekeni watoto.

UTAFITI HAUJASEMA KULENI CHOCHOTE

Msije mkafunga daftari mkisema unene ni jeni, basi soda iendelee. Hesabu mmeziona wenyewe: 7 kwa 1,000, tena kati ya wenye unene mkubwa sana. Jeni inayopatikana zaidi kwa watoto wenye unene mkubwa ulioanza mapema ilionekana kwa 29 kati ya 500 katika utafiti wa mwaka 2003. Waliobaki, na watoto wengi wanene tunaowaona mijini na sasa hata vijijini, unene wao umetokana na jeni nyingi ndogo zikikutana na chipsi, mandazi asubuhi na jioni, vinywaji vya sukari na kukaa mbele ya televisheni. Kuna jeni inayoitwa FTO, iliyojulikana mwaka 2007: mwenye nakala zake mbili huzidi wengine kwa kilo 3 hivi kwa wastani. Kilo 3 si hukumu.

Daktari anaposhuku kasoro ya jeni moja, huangalia mambo mawili: unene mkubwa ulioanza kabla ya miaka mitano, na njaa isiyoisha, mtoto anaamka usiku kutafuta chakula ama anaiba chakula kwa majirani. Mtoto kama huyo asichapwe wala asinyimwe chakula. Nyumba nzima ile chakula kile kile kwa saa zile zile, sukuma wiki na maharagwe zaidi, ugali kwa kipimo, na kinachobaki kifungiwe. Ukimpikia yeye peke yake cha kwake huku ndugu zake wanakula mandazi mbele yake, umempa vita ambayo hata mtu mzima hawezi.

Mtoto mwenye usonji naye anaweza kunenepa bila kasoro ya kromosomu. Wengi huchagua chakula, wanataka cheupe tu au kikavu tu. Hawachezi kandanda na wenzao. Na wengine wamepewa dawa ya kutuliza iitwayo risperidoni, ambayo huongeza hamu ya kula. Kama mtoto wako anatumia dawa hiyo na uzito unapanda, mwambie daktari. Usiiache mwenyewe ghafla.

Tena, hamhitaji kipimo cha jeni ili mtoto asaidiwe. Hapa kwetu si familia nyingi zitakipata, na kipimo peke yake hakimfundishi mtoto kuongea. Mpelekeni kwanza zahanati masikio yapimwe, maana mtoto asiyesikia pia haongei. Halafu kwenye kituo cha kupima watoto wenye mahitaji maalum, ambacho watu wengi wanakijua kwa jina la EARC. Vituo hivi viko chini ya Wizara ya Elimu na vilianza mwaka 1984. Huko ndiko mtoto huelekezwa shule inayomfaa.

WAKIJA KUOMBA DAMU AU MATE

Karibu yote niliyoyaeleza yaligunduliwa kwa kupima watu wa asili ya Ulaya, ingawa Waafrika ndio wenye tofauti nyingi zaidi za urithi kuliko watu wa bara lingine lolote. Kwa hiyo watafiti wameanza kuja kwetu, na ni vizuri. Utafiti mmoja uitwao NeuroDev ulianza kuandikisha watoto mwaka 2018 hapa Kenya, upande wa Kilifi, na huko Cape Town, Afrika Kusini.

Mtafiti akifika kwenu, mkaribisheni, na mumwulize. Ni nani aliyeidhinisha utafiti huu? Sampuli itakaa wapi, miaka mingapi, na itatumika kwa jambo lingine? Matokeo ya mtoto wangu nitaambiwa? Nikikataa, ama nikibadilisha nia baadaye, nitahudumiwa hospitalini kama kawaida? Na kuna lile swali ambalo watu huona haya kuuliza: damu ya baba, mama na mtoto ikipimwa pamoja, inaweza kuonyesha kwamba baba wa nyumbani siye aliyemzaa. Wataambia nani? Ulizeni kabla, si baada. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za urithi wa mtu kuwa habari nyeti, kwa hiyo mna haki ya kuuliza, na karatasi ya kibali lazima isomwe kwa lugha mnayoielewa. Chifu au mwenyekiti wa kikundi hawezi kutia sahihi kwa niaba ya mzazi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kijiji chenu, mtoto asipoongea kwa wakati, watu husema nini kumhusu mama? Na kumhusu baba husema nini?

2. Elezeni upya habari ya mapacha kwa maneno yenu, kama mnamweleza nyanya ambaye hakusoma. Ni kwa nini haikutosha kuwatazama wale wanaofanana peke yao?

3. Mwanachama mmoja anataka kumkataza mwanawe kuoa msichana ambaye ndugu yake ana usonji. Mtamwambia nini?

4. Je, kuna mtoto katika eneo lenu anayefichwa ndani? Nani wa kikundi atakwenda kumtembelea mama yake kabla ya mkutano ujao, na nani ataandamana naye hadi EARC, na nauli itatoka mfuko gani?